Fangcun kwa Nauli ya Basi

Murshid alipopiga simu, Mwanahija alikuwa kachuchumaa kwenye korido ya jengo la Tianxiu, Guangzhou, Uchina, anachemsha chai kwa jiko la umeme ambalo wenye jengo wameshalipiga marufuku mara nyingi. Jirani wa duka la pili akamnyooshea mkono wa simu, waya umevutwa mpaka mwisho wake.

"Bi Mwanahija, kontena linapakiwa leo."

"Leo? Si ulisema kesho, Murshid?"

"Hiyo ilikuwa jana. Leo wapakiaji wamepata tiketi za treni, jioni wanakwenda kwao kula mwaka mpya. Vizito viliingia jana, leo mlango umeshafunguliwa, wameanza na viatu vya Humphrey. Njoo sasa hivi, dada yangu. Usinawe hata uso."

Simu ikakatika. Chai ikafurika, ikazima jiko yenyewe, na Mwanahija wala hakugeuka kuitazama.

Kontena lile lilikuwa la kuchangia. Mtu mmoja hajazi kontena, basi wafanyabiashara wanakusanyika, huyu na viatu, huyu na masufuria, huyu na nguo, na wakala wa mizigo kama Murshid anawapangia. Katika makontena ya namna hiyo Waswahili wa Guangzhou walikuwa na sheria yao. Mwenye mali asimame mwenyewe mlangoni, aonyeshe kwa kidole: hili langu, na lile langu, pakia. Asiyekuwepo mzigo wake unabaki ghalani, na nafasi yake anapewa aliyepo. Kumsemea mwenzako ni mwiko. Sheria iliingia baada ya bwana mmoja kumsemea rafiki yake kwa nia njema kabisa, yakapanda marobota ya watu wengine, na huko Dar watu wakashikana mashati getini. Tangu hapo, kidole chako au basi.

Marobota ya Mwanahija yalikuwa magauni ya watoto wa kike, ya kumetameta, yenye vishada mabegani, na yote yalikuwa ya Idi Kubwa. Ghala la Fangcun, ng'ambo ya mto, likifungwa leo halifunguliwi mpaka Wachina washibe sikukuu yao. Meli ya baada ya hapo ingetia nanga Dar wakati Idi imeshaliwa na kusahauliwa, na gauni la Idi likichelewa Idi linakuwa kitambaa tu.

Hilo lilikuwa moja, na lilitosha. Lakini lililomwasha zaidi Mwanahija lilikuwa alama. Tangu aanze biashara alisafirisha chini ya alama ya shemeji yake, nyota nyekundu, na kila robota lake lilipotua bandarini watu walisema mzigo wa fulani umefika, wakamtaja shemeji. Safari hii alikataa. Alinunua rangi ya kijani, akachukua brashi ya viatu, akachora kwenye kila robota buli la chai, lenye mdomo wake na mkono wake. Shemeji alipopata habari alicheka kwenye simu akasema, "Jaribu, shemeji. Ukishindwa nyota yangu ipo." Neno hilo lilimkaa Mwanahija kooni kama mwiba wa samaki.

Akavaa koti la sufu juu ya buibui, akashuka ngazi kwa kuwa lifti ilikuwa haina haraka na mtu, akatokea barabarani Xiaobei akinyoosha mkono.

"Teksi! Teksi!"

Ilikuwa kazi bure. Siku zile za mwisho wa mwaka wao jiji zima lilikuwa limetoka nje. Kila teksi imejaa watu, na madirishani imechomoza miti: miti midogo ya vichungwa ndani ya vyungu, vichungwa vyenyewe vidogo kama vya kuchezea, na matawi marefu ya maua ya rangi ya waridi. Nyumba ya Kichina isiyo na mti ule mwaka mpya ni kama haijafagiliwa. Magari yalikuwa yamesimama moja nyuma ya jingine mpaka macho yanapokoma, yanapiga honi kwa furaha tu, maana hakuna aliyetarajia kwenda.

"Teksi ni ugonjwa wa wageni," sauti ilisema nyuma yake.

Hakuwa na haja ya kugeuka. Mzee Maulid wa Ilala ndiye peke yake Tianxiu nzima aliyetembea na sarafu zinalia mfukoni kama kengele za mbuzi. Alikuwa mzee wa miguu. Ameshakaa Bangkok, ameshakaa Dubai, na kokote alikokwenda alijisifu kwamba hajampa dereva wa teksi hata salamu. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kupanda basi: ingia mlango wa mbele, tumbukiza sarafu kwenye sanduku, usisubiri chenji maana sanduku halina mkono, shukia mlango wa nyuma.

"Mzee Maulid, nimekwisha. Kontena linapakiwa leo."

"Nimesikia, Murshid kanipigia na mimi. Masufuria yangu yako salama, yalipakiwa jana, vizito vinatangulia. Haya, nifuate."

"Kwa basi? Nitafika mwakani!"

"Mwanangu, basi lina njia yake pembeni. Hao wa teksi watazeekea hapo. Wewe wa Wete, kwenu barabara moja, utajuaje mambo haya?"

"Na wewe wa Ilala unajua nini zaidi ya kusimama barazani?"

"Ndiyo maana miguu yangu haijachoka. Panda!"

Basi lilikuwa limefika kweli, na kweli lilikuwa linakwenda. Sarafu zikalia kwenye sanduku. Mwanahija akapata kiti karibu na bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa kapakata chungu cha mti wake kama mjukuu. Bibi akamtazama, akacheka, akachuma kichungwa kimoja akampa. Mwanahija akakitia mdomoni na ganda lake, kikamkunja uso mzima, basi zima likaangua kicheko, naye akajikuta anacheka nao. Nje bendera nyekundu, taa nyekundu, karatasi nyekundu milangoni. Hata dereva alikuwa kafunga utepe mwekundu kwenye kioo.

"Sikiliza njia," Mzee Maulid alisema, ameshika bomba la juu, anayumba nalo kama mtu aliyezaliwa humo. "Tunapita Kwa Vifungo. Halafu Kwa Midoli. Halafu Kwa Mizizi, pale wanapouza dawa zao za magome na wadudu. Halafu Kwa Samaki. Pale Kwa Samaki tunashuka, tunaingia treni ya chini, tunapita chini ya mto, tunatokea Fangcun. Umeiona kazi ndogo?"

Hivyo ndivyo walivyolijua jiji. Majina ya mitaa yalikuwa hayasomeki wala hayashikiki, basi kila kituo walikiita kwa bidhaa yake. Mwulize mtu wa Tianxiu duka la fulani liko wapi, atakwambia shuka Kwa Zipu, kata kulia Kwa Miwani. Na ilifanya kazi, kwa sababu Guangzhou mtaa wa vifungo ni vifungo mwanzo mpaka mwisho. Hawachanganyi. Treni ya chini nayo siku zile ilikuwa bado fupi, vituo vichache tu, na watu waliicheka kwamba unaingia kabla hujakaa unashuka. Ila ilipita chini ya mto, na ng'ambo ya mto ndiko liliko ghala.

Basi likakata kona. Likakata nyingine. Askari mwenye glavu nyeupe akalizuia, akalionyesha njia ya pembeni. Mbele barabara ilikuwa imefungwa, wamejenga vibanda vya mianzi vya kuuzia maua, watu wamejaa kama siku ya maulidi. Dereva akazungusha usukani bila hata kunung'unika.

Mwanahija akabandika uso kwenye kioo. "Mzee, Vifungo viko wapi?"

"Vinakuja."

"Mimi naona miti tu."

Ilikuwa miti tu. Mbele ya kila duka, mtaa baada ya mtaa, vimepangwa vyungu vya vichungwa vinavyofika usawa wa kifua, na juu yake taa nyekundu, na nyuma yake, kama kuna vifungo au midoli au magome ya miti, anajua mwenye duka. Jiji lote lilikuwa limevaa sare. Mzee Maulid akainama kutazama, akainuka, akainama upande wa pili. Sarafu zake zikanyamaza mfukoni.

"Tumepita Midoli?" Mwanahija akauliza.

"Tumepita. Nadhani tumepita."

"Unadhani?"

"Usinipigie kelele, mwanamke, natazama... Samaki! Wale pale! Shuka, shuka, shuka!"

Wakajipenyeza, mlango wa nyuma ukawatema, basi likaondoka. Walikuwa wamesimama mbele ya matangi ya kioo, moja juu ya jingine, na ndani yake samaki wanaogelea. Samaki wekundu. Wadogo, wenye mikia kama khanga ya bibi harusi, na watoto wamewazunguka wanawachagua kwa vidole.

Mwanahija akawatazama samaki. Akamtazama Mzee Maulid.

"Hawa wa kupika au wa kuposa?"

Mzee akayasogelea matangi, akanusa. Soko la samaki alilolijua yeye lilikuwa na kamba wa kuruka, mikunga, maji yanayomwagika mpaka barabarani na harufu inayokupokea kutoka mbali. Hapa palinuka maua. Alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Hawa wa sikukuu," akasema hatimaye. "Wanawaweka sebuleni. Tusubiri basi la kurudi."

"Turudi wapi? Unajua tulipo?"

"Tukirudi tulikotoka tutajua."

"Tukirudi tulikotoka kontena litakuwa limefungwa!"

Akawa anazungukazunguka pale njiani, mkono kichwani. Akilini aliwaona kabisa wapakiaji wanavuta robota la mtu mwingine mahali pa robota lake. Alimsikia shemeji. Teksi ikapita, imejaa. Akamsimamisha mtu mmoja mwenye kigari cha magurudumu matatu, kimesheheni miti mpaka juu. "Fangcun?" akamwuliza. Lakini ama matamshi ama haraka, yule bwana alidhani mteja kapatikana. Akamvutia mti, akautikisa vichungwa vikacheza, akataja bei.

"Hapana, sitaki! Sitaki mti!"

Yule bwana akashusha bei, akamwongezea na tawi la maua.

Hapo macho ya Mwanahija yakaanguka kwenye chungu. Udongo wake ulikuwa mbichi. Matope mabichi, meusi, yanachuruzika pembeni na kudondoka barabarani, na barabara yote, alipotazama vizuri, ilikuwa na mstari wa matone meusi ya namna hiyo, unakuja kutoka mbali na kuishia pale miguuni pake. Mti huu haukulala mjini. Umetoka shambani leo hii. Na akili yake ikafanya kile ambacho akili ya mfanyabiashara wa Tianxiu ilikuwa inafanya kila siku ya Mungu mbele ya kila bidhaa. Haikuuliza bei. Iliuliza inatoka wapi.

Kuna neno moja la Kichina ambalo hata mgeni wa juzi alilijua, kwa sababu kila mtu alitaka kuwaruka wenye maduka akanunue kwa mtengenezaji mwenyewe. Kiwanda. Mwanahija akaugusa mti kwa kidole, akamkazia macho yule bwana.

"Gongchang?" akamwuliza. Kiwanda chake kiko wapi?

Bwana akaduwaa. Kisha akaelewa, akacheka mpaka akashika mbavu, akawaita wenzake wawili akawaeleza kwamba mwanamke huyu anataka kiwanda cha miti, nao wakacheka. Halafu, bado anafuta machozi, akanyoosha mkono kule matone yanakotoka.

"Fangcun," akasema. "Fangcun!"

Mwanahija akapiga kofi. "Umesikia, Mzee? Miti yote hii mashamba yake yako Fangcun! Vigari vilivyojaa vinatoka huko, na vitupu vinarudi huko!"

Mzee Maulid akatazama. Kweli, upande mmoja wa barabara vigari vilikuja polepole, vimelemewa, na upande wa pili vilirudi vitupu, mbio, vinarukaruka kwenye mashimo, waendeshaji wanapiga kengele na kupigiana kelele, kila mtu anawahi mzigo mwingine kabla ya giza.

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Kufuata vitupu."

"Kwa miguu?"

"Si ulisema haijachoka?"

Akapandisha buibui, akaanza kukimbia. Wanawake wa Wete hawakimbii barabarani, na Mwanahija hakukumbuka mara ya mwisho alipokimbia, lakini pale alikwenda, koti linampepea, na vigari vitupu vikampita kimoja kimoja, waendeshaji wakimpigia kengele na kumshangilia. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya ukindu alipunguza mwendo, akamtazama, akagonga kwa kiganja ubao wa kigari chake kitupu: kaa. Mwanahija hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akapanda, akajishika, matope yakamlowanisha nyuma, kigari kikaondoka.

"Mwanahija!" Mzee Maulid akapiga kelele kwa mbali. "Na mimi je?"

"Subiri basi lako!"

Mtaa ukashuka, upepo ukawa wa baridi na wa maji, na mbele yake ukatokea mto, mpana, rangi ya chai ya maziwa, umejaa mashua za chuma zinazopishana. Gati lilikuwa limefurika miti. Kivuko kilichotoka ng'ambo kilikuwa kinateremsha msitu mzima unaotembea, na kile kinachoondoka kilikuwa kinameza vigari vitupu. Nauli yake ilikuwa ndogo kuliko ya basi, kiasi kwamba Mwanahija alipompa mkata tiketi sarafu yake, yule mama alimrudishia chenji na bado akampa na tiketi. Akasimama mbele kabisa kwenye mnyororo. Maisha yake yote ya Guangzhou alilipia teksi zizunguke darajani, na kumbe mto ulikuwa unavukwa kwa bei ya andazi. Kama angekuwa na pumzi, angecheka.

Ng'ambo alilijua ghala mara moja, maana ndiko alikoyaleta marobota yake na lori. Akakimbia katikati ya vyungu, akapita getini, akaliona kontena, milango wazi, na ndani limejaa mpaka karibu na kizingiti. Humphrey, mfanyabiashara wa viatu kutoka Arusha, alikuwa amesimama mlangoni kidole juu.

"Hizo boksi zangu za ziada, weka hapo palipobaki," alikuwa anasema. "Mwenyewe hayupo, Murshid. Sheria ni sheria."

"Nimsubiri kidogo," Murshid akasema.

"Wapakiaji wameshavaa mabegi! Umsubiri nani?"

"Mimi!" Mwanahija alipiga ukelele kutoka getini, sauti ikavunjika. "Buli la kijani! Buli la kijani ni langu!"

Wote wakageuka. Alikuja, matope mgongoni mpaka kisigino, ushungi umekwenda upande, akasimama mlangoni, akanyoosha kidole.

"Lile langu. Na lile. Na lile la pembeni. Pakieni."

Humphrey akamtazama toka juu mpaka chini. "Shangazi, umekuja kwa kuogelea?"

"Nimekuja kwa nauli ya basi. Ondoa boksi zako."

Humphrey alikuwa mtu wa maneno lakini hakuwa mtu wa kuvunja sheria ya mlangoni. Akaondoa boksi. Wapakiaji wakavua mabegi yao kwa kuguna, wakaanza kurusha: buli likaingia, buli la pili likaingia, moja baada ya jingine, mpaka likabaki moja, na nafasi ya lile moja ilikuwa imepungua upana wa kiganja. Robota likagoma. Wakalisukuma kwa mabega. Likagoma. Msimamizi akatikisa kichwa, akaonyesha saa yake.

"Halibaki hapa," Mwanahija akasema. Akageuza mgongo, akauegemeza kwenye robota, akakaza miguu sakafuni. Mpakiaji mmoja akacheka akajipanga naye. Murshid akaja. Humphrey akasonya, akavua koti lake zuri la ngozi, akaja na yeye. "Moja, mbili, bismillah!" Murshid akahesabu, na wote, Waislamu na Mkristo na Wachina, wakasukuma. Robota likalia, likajikunja, likaingia na kukaa kama mtu aliyepata kiti.

Milango ilifungwa buli likiwatazama. Kufuli likafungwa, muhuri wa risasi ukabanwa. Mwanahija akakaa chini palepale kwenye saruji, anahema, anacheka, hana nguvu hata ya kutengeneza ushungi.

Mzee Maulid aliingia getini baadaye kidogo, mkavu, kofia iko sawa, sarafu zinalia. Alikuwa amepata basi, akalipata soko lake la samaki wa kupika, akapita chini ya mto kwa treni kama alivyosema.

"Nimefika," akatangaza. "Njia yangu ilikuwa sahihi, nilichanganya samaki tu. Limeingia?"

"Limeingia lote. La mwisho liko mlangoni."

Mzee akalitazama kontena. Akatazama muhuri. Taratibu uso wake ukabadilika, kama mtu anayekumbuka kaacha moto jikoni.

"La mwisho kuingia," akasema, "si ndilo la kwanza kutoka?"

"Ndilo."

"Na masufuria yangu?"

"Yako ndani kabisa, Mzee. Vizito vinatangulia."

Humphrey akaanza kucheka kabla ya mwingine yeyote. Dar, mlango ule ukifunguliwa, kabla ya kiatu na kabla ya sufuria, kitu cha kwanza kuona jua kingekuwa buli la kijani, na makuli wangeuliza kwa sauti, mbele ya watu wote waliosimama getini, shemeji akiwa miongoni mwao: hili la nani?

"Nitakuwepo getini," Mwanahija akasema, akijibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza. Akainuka, akajipangusa matope, akawatazama wanaume watatu. "Haya, nani anarudi na mimi kwa kivuko?"